Ng'ombe Wawili Zizini kwa Mzee Tomaso

Kwa Mzee Tomaso,
S.L.P. 61,
Katesh, Hanang.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Restituta,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ule mguu uliokuwa unakuvimba tangu Pasaka uwe umetulia. Najua manesi hamsikii mnapoambiwa mpumzike, lakini nauliza hivyo hivyo. Jenifa anaendeleaje na masomo ya kidato cha nne? Mwambie hesabu asizikimbie kama nilivyozikimbia mimi. Na mjomba je, mikorosho yake ameshaanza kuipulizia dawa?

Huku kwetu baridi ya mwezi wa sita imefika na ukungu hautoki mlimani mpaka saa nne. Baba na Mama huko Dongobesh hawajambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, ila mahindi amevuna mapema. Nilikwenda kuwaona wiki mbili zilizopita. Mama alinitazama akaniuliza kama huku Katesh watu hawapiki.

Nikisema sijambo nitakuwa nimekudanganya. Siumwi, shangazi. Lakini tonge halishuki, na simu ikilia naigeuza uso chini kabla sijaona ni nani. Nimeahirisha kukuandikia kwa siku nne, na kila siku niliyoahirisha imenipunguzia muda.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Nimewaza sana. Simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na maneno haya si ya kupokelewa na yeyote. Nimempa Sauda, yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi, ambaye anakuja Masasi kwenye harusi ya mdogo wake. Nimemwambia ni mambo ya ukoo, akukabidhi mkononi pale zahanati, asiilete nyumbani. Hajui kilichomo. Ukishaisoma, naomba uichome. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Ichome kweli.

Kiwanda cha alizeti ninachofanyia kazi kilinunuliwa mwezi wa pili na watu wa Dar es Salaam. Mwanzoni tulifurahi. Walipaka geti rangi, wakatugawia fulana, wakaleta mashine mpya ya kukamua, ndefu kama basi. Mashine hiyo inameza mbegu upande mmoja, na upande mwingine inatoa mafuta na mashudu, na wanaoiangalia ni watu wanne tu waliokaa mbele ya kompyuta. Haihitaji mbebaji wala mchocheaji wa moto. Nilikuwa napita pembeni yake kila siku nikienda ofisini, sikuwaza kwamba kila inachokifanya kuna mtu aliyekuwa anakifanya.

Wiki moja baada ya Pasaka tuliitwa uwanjani. Tuko themanini na sita. Tukaambiwa kampuni inajipanga upya, na watakaobaki ni arobaini na nane.

Aliyetusomea ni meneja utumishi mpya, Bwana Gerald. Yeye ndiye mkubwa wangu wa kazi sasa. Si mkali. Anaongea polepole na kwa adabu, na nadhani nisingemwogopa hivi kama angekuwa anapiga kelele. Alisema kampuni haitaki kumwonea mtu, kwa hiyo kila mmoja atapewa alama: elimu, miaka kazini, afya, na kama ana njia nyingine ya kuishi akiachishwa. Mwenye njia nyingine atangulie, asiye nayo abaki. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Chuoni Morogoro tulifundishwa kwamba kigezo kikiandikwa vizuri hakimwonei mtu, na nilisimama pale nikajiona kama nasoma ukurasa wa daftari langu mwenyewe.

Fomu aliitunga Bwana Gerald. Aliyezijaza ni mimi.

Wafanyakazi wengi wa zamani hawapendi kushika fomu, kwa hiyo niliwekewa meza karibu na mizani ya malori, wakapanga foleni kwa siku mbili. Hapakuwa na ukuta wala pazia. Kila mtu alisikia majibu ya mwenzake. Tulipofika kwenye swali la mifugo ikawa kama mchezo. Hasani anayefunga madumu ya mafuta, ambaye hana hata kuku, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini:

"Dada Bene, mimi andika ng'ombe mmoja. Yule aliyechorwa kwenye kopo la maziwa."

"Anakamuliwa saa ngapi huyo?" nikamuuliza.

"Mwenye ratiba ni mama watoto. Mimi nikifika naambiwa limeisha."

Watu wakaangua kicheko. Nyuma yake alikuwa amesimama Mzee Tomaso, mwenye nyumba wangu, mume wa rafiki yako Marieta. Nilimwandikia jina, umri miaka hamsini na sita, kazi mchochea moto wa boila, miaka kumi na minne kazini. Elimu darasa la saba. Nikafika kwenye mifugo.

"Ng'ombe?"

"Sita."

Hasani alikuwa bado yupo. "Sita! Mzee, una ng'ombe sita halafu unakuja kutubania nafasi hapa? Si ukae nyumbani unywe maziwa?"

"Wewe kanywe ya kwenye kopo," Mzee Tomaso akamjibu, na foleni nzima ikacheka upya. Naye alicheka, akanyoosha mgongo, akanisubiri niandike.

Nikaandika sita.

Shangazi, nilijua. Mwaka jana mwezi wa nane, siku Baba alipokuja kunipangishia chumba kwa Mzee Tomaso, tulikuja na ng'ombe wako wawili, yule mwekundu na yule mwenye madoa. Kamba ya mwekundu niliishika mimi kutoka barabarani mpaka zizini. Nilijua pia kwamba Mzee Tomaso alikuwa na ng'ombe saba wa kwake, na kwamba wote saba walikwenda na tope la mlimani, pamoja na shamba na banda la majani. Kwa hiyo nilijua kwamba kati ya wale sita hakuna hata mmoja aliye wake. Ni ng'ombe wa watu waliomhurumia, kila mmoja akaleta wake kimya kimya ili nyumba ile ipate maziwa. Kalamu ilisimama kidogo. Lakini kumuuliza mbele ya foleni, "Baba, wote ni wako?" kungekuwa kama kumvua shati hadharani. Nikaona haya kwa niaba yake. Nikaendelea na swali lililofuata.

Wewe unaijua desturi yetu kuliko mimi, lakini acha niandike kama ambavyo ningemweleza Bwana Gerald kama ningekuwa na ujasiri. Ningemwambia kwamba kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule, ili ugonjwa ukija au mvua ikikosa upande mmoja asiishiwe. Anayewatunza anakunywa maziwa na kutumia samadi. Na jina la mwenye ng'ombe halitajwi. Haliulizwi na jirani wala na mtoto wa anayetunza. Anayetunza akianza kusema huyu wa fulani na huyu wa fulani, amemvua mwenzake nguo, na hakuna atakayempa tena hata mbuzi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiulizwa una ng'ombe wangapi anataja walio zizini mwake. Hasemi uongo wala hajisifu. Anatunza siri ya watu.

Bwana Gerald amekulia mjini. Angejuaje? Ila mimi nimezaliwa hapa, nimesoma, na nilikaa pale mezani kwa sababu hiyo hasa, kwamba mimi ni mwenyeji. Ningeweza kumwambia, kabla fomu hazijachapwa, kwamba swali lile litatuumiza. Sikumwambia. Niliona fahari kwamba fomu zangu zilikuwa safi, hazina hata neno lililofutwa.

Jumatano iliyopita alinipa zile fomu nijaze alama kwenye kompyuta. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Iliandikwa: ng'ombe watano na kuendelea, mtumishi ana njia nyingine ya kuishi. Nilijaza mpaka saa kumi. Kompyuta ikapanga majina yenyewe. Mzee Tomaso ni wa thelathini na moja kati ya thelathini na nane wanaotoka. Nilibadilisha sita nikaweka nne, nione tu. Jina lake likapanda, likatoka kwenye orodha. Nikarudisha sita haraka kabla mtu hajaingia. Nilijiona kama mtu aliyeiba, na sikuwa nimeiba kitu.

Wewe ni nesi, utaelewa jambo hili kuliko yote. Marieta ana kisukari tangu mwaka juzi. Anachomwa sindano mara mbili kwa siku. Dawa anapata kwa kadi ya bima ya kazini kwa mumewe. Kazi ikiisha na kadi inaisha. Shamba limejaa mawe mpaka leo, makubwa kama matanuri, hakuna trekta linaloingia. Hawana kingine, shangazi. Nimehesabu kwa kila namna na sioni kingine.

Nami nakaa nao. Asubuhi Marieta ananipa chai ya maziwa kabla sijatoka, na ninajua ni maziwa ya ng'ombe gani. Jioni tunakula pamoja. Mzee Tomaso ananiuliza, "Vipi huko ofisini, orodha inaivaje?" Anauliza kama mtu anayeuliza habari za mechi, kwa sababu ameamini. Mtu mwenye miaka kumi na minne kazini, asiyewahi kukosa zamu, ataachaje kubaki? Juzi alimwambia Marieta kwamba hata mashine mpya itahitaji mtu wa moto wakati umeme unapokatika. Mimi nilikuwa natazama sahani.

Nimetia sahihi karatasi ya kutunza siri za ofisi. Sasa nitakuambia jambo ambalo kwa sahihi hiyo sikupaswa kumwambia mtu, na nikilimaliza nitakuwa nimeivunja. Alhamisi tarehe ishirini na sita Bwana Gerald na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wataanza kupita nyumba kwa nyumba kuhakiki kwa macho. Watakachokiona zizini ndicho kitakachoandikwa kwenye fomu ya mwisho. Wafanyakazi hawakuambiwa tarehe. Najua kwa sababu ratiba niliichapa mimi, na nyumba ya Mzee Tomaso ni ya tatu siku ya kwanza.

Mwanzo nilitaka kukuomba uandike barua ya kuthibitisha kwamba wawili ni wako. Nilishaanza hata kuiandika hiyo barua kichwani. Kisha nikafikiria itakwenda wapi. Itakaa kwenye faili, chama watapewa nakala, na nakala za Katesh hutembea. Ng'ombe wale uliwanunua kwa mshahara wako bila mjomba kujua, na Baba hakuwaweka Dongobesh kwa sababu mjomba akija kututembelea huenda zizini kwanza, ndipo anaingia ndani kusalimia. Simsemi vibaya. Lakini uliwahi kuniambia kwamba wale ni ng'ombe wa siku ambayo hujui itakuwa ya namna gani. Sikutaka mimi niwe siku hiyo.

Jana asubuhi nikajaribu njia nyingine. Mzee Tomaso alikuwa anachanganya mashudu na pumba kwenye pipa lililokatwa. Nikasimama langoni.

"Baba, ile fomu bado inaweza kurekebishwa. Kama baadhi ya hawa si wako..."

Hakuacha kukoroga. "Nani amekuambia baadhi si wangu?"

Alisema hivyo mtu ambaye nilimkabidhi kamba kwa mkono wangu huu.

"Hakuna, baba. Nasema tu kama."

"Ng'ombe akiwa hapa anakunywa maji ninayochota mimi. Akiugua, anayekesha ni mimi. Akifa, ngozi naibeba mimi mpaka kwa mtu. Huyo Gerald wako akija na fomu kumi nitamwambia sita mara kumi. Nianze kutaja watu kwa ajili ya mshahara?" Kisha akanicheka. "Nenda kanywe chai, mwanangu. Kusoma sana kunakufanya uogope mpaka mavi ya ng'ombe."

Nilikwenda. Sikuweza kunywa.

Alipotaja ngozi nilikumbuka habari ambayo Baba alinisimulia, nawe unaifahamu. Ng'ombe wako wa kwanza alikuwa katika wale waliofunikwa na tope. Watu walikuwa wanatafuta vyombo na mabati, na Mzee Tomaso alichimba siku nne kumtafuta ng'ombe wa mtu, apate ngozi ya kuonyesha. Aliipata. Aliiosha, akapanda nayo gari mpaka Dongobesh, akamkabidhi Baba kabla hajajenga hata choo. Baba anasema alilia kama mtoto, akaomba msamaha kwa mvua. Nawe ukamjibu kwa kumpelekea wengine wawili.

Kwa hiyo ujue kwamba najua uzito wa ninachokuomba.

Nakuomba uwadai ng'ombe wako. Mwenye ng'ombe anaweza kuwaita siku yoyote, na anayetunza hawezi kukataa wala kuuliza kwa nini. Wakiondoka, watabaki wanne. Hakuna jina litakalotajwa, hakuna fomu itakayodanganya, kwa sababu wale wawili hawakuwa wake tangu mwanzo. Nimejiuliza mara nyingi kama hapa nimejificha nyuma ya desturi ili nifanye hila. Jibu langu hubadilika kutegemea saa. Asubuhi naona ni haki tupu. Mchana nikiwa ofisini, Bwana Gerald akipita nyuma ya kiti changu, naona ni mwisho wangu.

Kuna jambo lingine na sitaki kukuficha. Mzee Tomaso akitoka kwenye orodha, nafasi ya thelathini na nane itajazwa na mtu mwingine. Jina linalofuata nimeliona. Ni mtu ninayemsalimia kila siku. Sitakutajia, maana ukilijua utabeba mzigo ambao si wako. Najiambia kwamba alama za huyo ni za kweli na za Mzee Tomaso zilikosewa, na aliyezikosea ni mimi. Hilo ndilo ninaloweza kulirekebisha. Wapo pia wafugaji wengine waliojaza ng'ombe wa watu mbele yangu, na hao siwezi kuwaita wenye ng'ombe wao kwa sababu siwajui.

Jina langu mimi sijui liko wapi. Orodha ya watu wa ofisini iko kwenye droo ya Bwana Gerald, na droo ina ufunguo.

Nilimpigia Baba bila kumweleza sababu yote. Nilimuuliza tu kama anaweza kuwachukua. Akaniambia, "Mimi nilikuwa mnunuzi tu. Mwenye neno ni yeye." Ukiandika, atakuja na kuwapeleka upande wa Balangdalalu, kwa mtu anayemjua. Jina hakunitajia, nami sikuuliza.

Sauda anaondoka Masasi Jumapili ijayo alfajiri na atafika Katesh Jumatatu. Nakuomba umpe kijibarua cha mistari miwili, kwa mkono wako mwenyewe. Marieta anaujua mwandiko wako tangu mlipokaa dawati moja, na kwa simu Mzee Tomaso hatawaachia. Andika kwamba unawataka ng'ombe wako wawili, na kaka yako Joseph atakuja kuwachukua Jumanne asubuhi. Basi. Usiandike pole. Usiandike sababu, hata kwa mafumbo. Mzee Tomaso akiijua sababu atakwenda nayo mwenyewe kwa Bwana Gerald na kumwambia walikuwa sita, umesikia alivyosema.

Watakuona umewageuka. Marieta atasoma, halafu ataniuliza mimi kama una shida huko, kama mmegombana na mjomba, kama mtoto anaumwa. Nami nitasema sijui. Nimeshafanya mazoezi ya kusema sijui mbele ya kioo, na kila mara uso wangu unasema kitu kingine. Baada ya orodha kubandikwa sijui kama tutaweza kuwaambia. Labda miaka ikipita. Labda wewe utapoteza rafiki wa tangu utotoni, na kadi ya bima yake itabaki mfukoni, na hatajua kamwe kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja.

Ukiona haiwezekani, shangazi, usiandike chochote. Sauda akirudi mikono mitupu nitaelewa, sitakulaumu wala sitauliza tena. Lakini hapo itabidi nikae mezani na Marieta mpaka siku ile karatasi itakapobandikwa getini, na sijui nitakaaje.

Msalimie sana Jenifa, mwambie dada yake anamkumbuka. Msalimie mjomba kwa heshima zote, mwambie tu kwamba nimekuandikia kuhusu kikohozi cha Baba. Baba na Mama wanawasalimu nyote. Mzee Tomaso anakusalimu, anauliza lini utakuja kupumzika huku kwenye baridi uache joto la korosho.

Marieta naye ameniona naandika, akajua ni kwako, kwa sababu nikikuandikia wewe tu ndiyo naweka kitambaa mezani. Amekwenda ndani, akarudi na chupa ya samli. Ni ya yule mwekundu. Aliichemsha mwenyewe jana, akaichuja mara mbili, akaifunga mdomo kwa nailoni ili isimwagike njiani, na Sauda atakupa pamoja na barua hii. Ameniagiza nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nami nimemwahidi: "Mwambie Resti hatukuwa na mtu wa kutuamini tena baada ya lile tope, akatuamini yeye. Mwambie wanakula vizuri. Mwambie asiwe na wasiwasi nao, wako kwao."

Mungu akulinde, akupe moyo mgumu na mikono isiyotetemeka.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na anayekusubiri,
Benedikta